Rangi ya dari bafuni inabanduka na kuvu inarudi kila mara, na feni ipo. Tatizo ni nini?

Msumari (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wakuu. Naombeni msaada, akili yangu imegota.

Bafu letu lina urefu wa mita 2.4, upana mita 1.8, na dari iko mita 2.5 kutoka sakafuni. Halina dirisha. Kuna feni ya kutolea hewa kwenye dari, tuliikuta tulipohamia. Tunaoga watu wanne, na asubuhi tunapokezana bila kupumzika.

Ndani ya miaka miwili nimepaka dari hii rangi mara tatu. Mara ya mwisho niliparua rangi yote ya zamani, nikapiga msasa, nikafuta kwa dawa ya klorini, nikaacha ikauke siku mbili, nikapaka praima na mikono miwili ya rangi ya mafuta. Mwezi wa nne baada ya kupaka, vidoa vyeusi vikaanza tena palepale, kwenye kona iliyo juu ya bomba la mvua. Kisha rangi ikaota malengelenge. Nikibonyeza lengelenge, linatoa maji.

Feni inazunguka, muungurumo wake nausikia hadi chumbani. Fundi wa kwanza kasema rangi ni mbovu. Wa pili kasema feni ni ndogo, ninunue kubwa. Mke wangu anataka tuvunje ukuta tuweke dirisha. Mtoto wetu mdogo ana pumu, na hapo ndipo jambo hili linaponinyima usingizi. Sitaki kubahatisha tena.

Kigae

Rangi ya mafuta ndiyo imekuponza mkuu. Tafuta ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu, mikono miwili tu, umemaliza.

FundiHewa

Kigae, kwa heshima, hapana. Rangi yenye dawa inachelewesha kuvu, haiondoi maji. Malengelenge yanayotoa maji yana maana kwamba unyevu unaingia nyuma ya rangi. Upake rangi ya aina yoyote duniani, itabanduka.

Ndugu Msumari, pole sana. Kabla ya kununua chochote, fanya mambo mawili leo hii.

Kwanza, washa feni, funga mlango kabisa, kisha chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni ukiweke kwenye kava ya feni. Angalia kama kinashikwa au kinaanguka. Halafu fungua mlango kiasi cha vidole viwili na urudie. Nahitaji majibu ya yote mawili, usiniletee moja.

Pili, chukua tochi na ngazi, upande juu ya dari uangalie bomba la feni linaishia wapi. Zima umeme wa feni kwanza.

Feni kuunguruma ni jambo moja, kunyonya ni jingine.

Msumari

Nimerudi wakuu, na nimepata mshtuko.

Mlango ukiwa umefungwa, karatasi inaanguka yenyewe. Nikifungua vidole viwili, inanasa hadi pembe zake zinajikunja. Nimerudia mara nne, majibu ni yaleyale.

Juu ya dari ndiko kuliko na balaa. Bomba ni lile laini la kukunjika, lina urefu kama mita 5, limelala juu ya mbao likiwa na tumbo katikati. Haliendi nje. Mdomo wake umeachwa tu hewani, umeelekea kwenye mbao za paa. Nilipoliinua nikasikia maji yanacheza ndani. Mbao zilizo mbele ya ule mdomo zimekuwa nyeusi, na nikigusa kwa kidole ni laini na baridi. Chini yake ndiyo ile kona inayobanduka.

Kwa hiyo miaka miwili yote mvuke wetu ulikuwa unapelekwa juu ya dari?

FundiHewa

Ndiyo, mvuke ulihamishwa kutoka bafuni, ukakaa juu ya vichwa vyenu, ukarudi kupitia dari. Nimekutana na kosa hili mara nyingi mno na kila mara linaniuma, kwa sababu aliyefunga feni alijua kabisa hakuna atakayepanda kuangalia.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana ukikielewa hakuna fundi atakayekuyumbisha.

Hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30, ikishiba mvuke kabisa, inabeba gramu 30 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 tu. Zile 13 zinazobaki lazima zigeuke matone mahali fulani, kwenye kioo, kwenye vigae, kwenye dari. Bafu lako lina ujazo wa mita 10.8. Zidisha, unapata gramu 140 za maji kutoka kwa muogaji mmoja tu, zaidi ya nusu glasi. Na bomba la mvua linaendelea kumwaga mvuke mwingine muda wote huo. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Ikipata uso unaokaa na unyevu siku baada ya siku, pamoja na uchafu kidogo wa sabuni au vumbi la kula, inaota.

Sasa kuhusu mlango. Feni haiumbi hewa, inaisogeza. Ili itoe lita moja, lazima lita nyingine iingie. Chumba kikiwa kimezibwa, feni inazunguka na kupiga kelele huku hewa ikibaki palepale. Karatasi yako imekwambia hivyo bila kificho. Chini ya mlango pana nafasi kiasi gani?

Msumari

Hakuna kabisa. Niligongomea mpira chini ya mlango ili maji yasitokee chumbani. Mimi mwenyewe.

FundiHewa

Basi huo mpira utoke. Kama maji yanatoka, weka kizingiti kidogo cha vigae upande wa ndani, usizibe hewa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka nafasi ya milimita 10 chini ya mlango wenye upana wa milimita 760, yaani sentimita za mraba 76 za kupitisha hewa. Usipotaka kukata mlango, weka kava yenye matundu sehemu ya chini ya mlango, ilimradi eneo la wazi lisipungue hapo.

Kuhusu ukubwa wa feni. Kanuni hizohizo zinataka feni ya bafu itoe angalau lita 15 kwa sekunde. Marekani kipimo kinachotumika sana ni futi za ujazo 50 kwa dakika, ambazo ni kama lita 24 kwa sekunde. Kwa bafu lako, lita 24 zinabadilisha hewa yote mara 8 kwa saa, na hicho ndicho kiwango ninachokipenda kwa bafu lisilo na dirisha. Lakini usinunue feni bado. Namba iliyoandikwa kwenye boksi inapatikana feni ikiwa na njia nyepesi mbele yake. Ukiifunga kwenye bomba refu lenye tumbo na kona tatu, nguvu hiyo inaishia njiani. Tengeneza njia kwanza, kisha tupime.

ToneMoja

Samahani kwa kudandia uzi. Feni yangu inadondosha maji, matone yanaanguka mtu akiwa anaoga. Bomba langu linatoka nje vizuri kabisa kupitia paa. Fundi kasema paa linavuja lakini mvua haijanyesha wiki tatu.

FundiHewa

Kama mvua haijanyesha, paa halina hatia. Mvuke wako unapoa ndani ya bomba kabla haujafika nje, unageuka maji, na kwa kuwa bomba limesimama wima, maji yanarudi chini kwa njia ileile. Vaa bomba lote koti la kuhifadhi joto, lile sufi la kuvisha mabomba, usiache hata kipande kikiwa wazi. Kisha feni iendelee kuzunguka dakika 20 baada ya kuoga, ili hewa kavu ipite na kukausha kilichobaki ndani. Wengi wanazima feni na taa kwa pamoja wakitoka, mvuke unabaki umesimama ndani ya bomba.

Bomba likilala, liinamie nje kidogo ili maji yoyote yamwagikie nje, yasirudi kwenye mota.

BiNuru

Kaka FundiHewa, mimi langu ni harufu. Bafu la wageni, feni mpya, imefungwa vizuri. Tukiiwasha tu, inakuja harufu ya maji taka. Tukiizima, baada ya muda inakwisha. Mume wangu anasema feni inarudisha hewa ya nje ya karo. Tumeshamwaga dawa za kila aina.

Kiwiko

Dada BiNuru, hili ni la kwetu mafundi bomba. Bafu la wageni, ina maana halitumiki mara kwa mara, sivyo? Tundu la kutolea maji sakafuni lina trapu, ile sehemu iliyopinda ambayo daima inatakiwa iwe na maji. Yale maji ndiyo kizibo kati yako na bomba la maji taka. Bafu lisipotumika wiki kadhaa, maji yanakauka, kizibo kinakwisha. Feni ikiwaka inatafuta hewa ya kuvuta, na kama mlango umebana, njia rahisi inakuwa hiyo trapu kavu.

Mimina ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni, na kwenye sinki na beseni la kuogea kama yapo. Washa feni. Harufu ikikata, umepata jibu. Kisha ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia kwenye tundu la sakafuni, mafuta yanaelea juu na kuchelewesha maji kukauka.

Ufundi huu una umri mkubwa. Alexander Cumming, fundi saa wa Scotland, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mwaka 1775, na vyoo vya kisasa vya kuvuta maji vinategemea wazo hilohilo la maji yaliyotuama kuzuia harufu.

BiNuru

Kaka, ndoo moja tu! Miezi sita tunapulizia manukato! Harufu imekata palepale. Mungu akubariki.

FundiHewa

Kiwiko ahsante, umemaliza. Dada BiNuru, angalia na chini ya mlango wako pia. Trapu ikiwa na maji lakini feni ni kali na chumba kimezibwa, inaweza kufika mahali ikayatikisa yale maji na kuvuta harufu pembeni yake.

Kibatari

Wakuu, kuna jambo sitaki lipite kimya. Kama ndani ya bafu au karibu nalo kuna hita ya maji ya gesi inayochukua hewa kutoka chumbani, msiweke feni kabla ya kuonana na fundi gesi. Feni inayokosa hewa inaweza kuvuta moshi wa hita urudi chini kupitia bomba lake badala ya kupanda nje. Moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, miguu inalegea, na mtu yuko peke yake amejifungia mlango. Niliwahi kumtoa ndugu yangu bafuni akiwa hajitambui. Alipona, lakini ule mlango nilioupiga teke bado nauona.

Hita ya namna hiyo itolewe bafuni, au iwekwe ile iliyozibwa inayovuta hewa yake kutoka nje. Na kengele ya kaboni monoksidi iwepo.

FundiHewa

Kila mtu asome ujumbe wa Kibatari mara mbili.

Mwanagenzi

Mimi ukuta wangu umelowa chini, sentimita kama 40 kutoka sakafuni, juu hauna neno. Feni nzima, karatasi inanasa, mlango una nafasi. Nimejaribu kila kitu. Ninunue feni kubwa?

Kiwiko

Usinunue. Mvuke unapanda, hauchagui sentimita 40 za chini. Fanya jaribio la nailoni. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni nzito chenye ukubwa wa daftari, uzibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, uache siku mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa nyuma yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Mwanagenzi

Yako nyuma. Nailoni imejaa matone kwa ndani na plasta imekuwa rangi ya chai.

Kiwiko

Basi mara nyingi ni bomba linalovuja au grauti iliyokwisha, ule ujazo wa kati ya vigae. Anza na mita ya maji. Funga koki zote ndani ya nyumba, soma namba, kaa saa moja, soma tena. Ikisogea, kuna bomba linavuja upande wa maji yanayoingia. Isiposogea, angalia silikoni kati ya beseni na ukuta, na grauti kwenye vigae vya kuogea. Silikoni ya zamani usipake juu yake, haishiki. Ikate yote kwa kisu, futa kwa spiriti, acha pakauke. Kama ni beseni la kuogea la kulala, lijaze maji kabla ya kupaka mpya, ili lishuke kama linavyoshuka mtu akiwa ndani, na usiyatoe mpaka silikoni ishike. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza mtu kuingia litaachana na ukuta. Saa 24 hakuna kuoga hapo.

Msumari

Wakuu, naleta mrejesho. Imechukua wiki tatu.

Mpira wa mlango nimeutoa na nimekata milimita 12 chini. Lile bomba la kukunjika nimelitupa. Tumetoboa ukuta, tukaweka bomba gumu la milimita 100, mita 2 tu na kona moja, limeinamia nje, na mwishoni kuna kifuniko chenye kilango kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikiisha. Fundi umeme amebadilisha waya uliokuwa umeungwa kwa utepe tu juu ya dari, karibu kabisa na zile mbao zilizolowa. Aliponionyesha nilinyamaza.

Ile feni nilitaka kuibadilisha. Nilipoifungua nikakuta mapanga yake yamevaa vumbi zito kama blanketi, mchanganyiko wa nywele na unga wa sabuni. Nimesafisha kwa brashi ya meno na kitambaa chenye unyevu, nimekaza skrubu mbili zilizolegea. Muungurumo umekwisha. Siku zote ilikuwa inagonga mbao.

Mbao mbili za dari zilizooza nimebadilisha. FundiHewa, ulisema tutapima. Nipimeje?

FundiHewa

Hongera sana, kazi hiyo ni ya kiume. Kuhusu kupima, chukua mfuko mkubwa wa taka ambao ujazo wake unaujua. Ufungue mdomo kwa waya au fremu ya kadibodi iliyo pana kidogo kuliko kava ya feni. Upunge hewani ujae hewa. Feni ikiwa inazunguka na mlango umefungwa, ubandike juu ya kava bila kuacha upenyo, na uhesabu sekunde mpaka mfuko unywee kabisa. Gawanya lita za mfuko kwa sekunde. Rudia mara tatu.

Msumari

Mfuko wa lita 120. Mara tatu zote sekunde 8, wakati mwingine na nusu.

Nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikarudia. Sekunde 19.

FundiHewa

Umeona mwenyewe. Lita 15 kwa sekunde mlango ukipumua, na 6 na kitu ukizibwa. Feni ni ileile.

Lita 15 zinatosha ukizipa muda. Watu wanne wakipokezana na dirisha hamna, msiizime katikati. Iwashwe kabla ya muogaji wa kwanza, izimwe dakika 30 baada ya wa mwisho. Mwambie fundi umeme akuwekee swichi ya muda, ili mtu asilazimike kukumbuka. Ipo pia ya kupima unyevu, inawaka yenyewe, ila hiyo iweke mbali na mvuke wa moja kwa moja. Siku ukibadilisha feni, chagua ya lita 24 yenye alama ya IPX4 au zaidi, yaani inayostahimili kurushiwa maji, kwa kuwa iko karibu na maji, na saketi yake iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja.

Sasa rangi. Usipake leo. Nunua kipima unyevu kidogo, kikae bafuni wiki moja. Unachotaka ni kishuke chini ya asilimia 60 kila siku kabla ya zamu inayofuata ya kuoga. Kikishuka, safisha kuvu iliyobaki kwa maji na sabuni, ukivaa glavu, miwani na barakoa inayobana uso, na mtoto asiwepo nyumbani siku hiyo. Usiparue kavu, utarusha vumbi la kuvu chumba kizima. Klorini na siki visikutane kamwe, wala klorini na kitu chenye amonia, vinatoa gesi ya sumu. Sehemu ya dari iliyolainika ikatwe, haisafishiki.

Kigae

FundiHewa nimekubali. Nimepanda juu ya dari yangu leo asubuhi. Bomba langu nalo halijaenda popote.

FundiHewa

Piga picha ulete, tuanzie hapo.

Msumari

Wiki ya kipima unyevu imekwisha. Siku ya kwanza niliandika asilimia 91 muogaji wa mwisho alipotoka, na 57 dakika 30 baadaye. Siku zote saba zimekuwa hivyohivyo, kuna siku moja ilibaki 62 kwa sababu mvua ilinyesha mchana kutwa.

Nimepaka rangi jana. Kile kipande cha dari nilichokata kwenye kona nimeweka kipya na nimekiacha na alama ndogo ya penseli pembeni, ili nikipanda ngazi nijue pa kuangalia. Leo asubuhi watu wanne wameoga, nimeingia na tochi, kioo kilikuwa na ukungu upande wa chini tu. Kwenye dari nimepitisha kiganja chote, pakavu.

Mwezi wa nne baada ya kupaka nitarudi na picha ya ile kona.